Karatasi iliungua, mikono ilibaki: mafunzo ya wanaupanga wa zamani kuhusu cheo

Baba mmoja anafika mjini akiwa na watoto wanne, godoro moja na sufuria mbili. Kule alikotoka alikuwa fundi wa kushona, na vijana watano walijifunza kazi mikononi mwake. Anakwenda kwenye chumba cha washonaji karibu na soko kuomba nafasi ya kukalia mashini. Mwenye chumba anamwuliza: « Papa, karatasi yako ya ufundi iko wapi? » Anajibu: « Patron, ilibaki nyumbani, na nyumba iliungua. » Anaambiwa arudi siku nyingine. Kesho yake baba huyo anabeba mizigo ya watu.

Mashariki mwa Congo habari hiyo si ngeni kwa yeyote. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya milioni 7 waliohama makwao ndani ya nchi, na wengi wao wako Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Kati yao wamo waashi, maseremala, mafundi wa pikipiki, wasusi, waokaji mikate na walimu. Walikimbia wakiwa na walichoweza kubeba, na diploma si kitu cha kwanza ambacho mtu hushika risasi zinapolia.

Swali la jinsi mtu anavyothibitisha cheo chake limekwisha kuulizwa mahali pengine, zamani sana, na watu ambao kazi yao ilikuwa kufundisha upanga. Jibu lao linafaa kusikilizwa hapa, hata kama neno « upanga » halipendezi masikioni mwa familia zilizokimbia mapanga ya Beni na ya Djugu. Watu hao wa zamani walijua vizuri kuliko wengi kwamba silaha mikononi mwa mtu asiye na malezi ni balaa. Ndiyo sababu waliweka ngazi.

Katika karne ya 16, mjini London, kulikuwa na chama cha walimu wa kujikinga kwa silaha. Mwaka 1540 Mfalme Henry wa Nane aliwapa walimu hao barua ya kuwatambua. Daftari la chama chao limehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Uingereza, na ndani yake yameandikwa majina, tarehe, mahali mitihani ilipofanyika na viapo vilivyoapwa. Chama kiliongozwa na walimu wanne wazee, nacho kilifanana na vyama vya mafundi wengine wa mji ule, kama vile waokaji, wafua chuma na washonaji. Aliyeingia aliingia chini, na aliyetaka kupanda alipanda mbele ya macho ya watu.

Ngazi zilikuwa nne. Ya kwanza ni mwanafunzi. Huyu amekubaliwa na mwalimu, amelipa ada na ameahidi utii. Ya pili ni mwanafunzi huru. Huyu ameonyesha kwamba amejua misingi, na anaweza kufanya mazoezi bila kushikwa mkono kila dakika. Ya tatu ni mwalimu msaidizi, anayefundisha chini ya mwalimu wake. Ya nne ni mwalimu kamili, mwenye haki ya kufungua shule yake na kupokea wanafunzi wake mwenyewe.

Kutoka ngazi moja kwenda nyingine hakukuhitaji barua ya mjomba. Kulihitaji mtihani wa hadhara. Mwombaji alitoa taarifa mapema, matangazo yakabandikwa mjini, na siku yenyewe watu walikusanyika katika ua wa nyumba ya wageni au katika jumba la michezo ya kuigiza. Daftari linataja mahali kama Bull kule Bishopsgate, Bel Savage kule Ludgate Hill, na majumba ya Theatre na Curtain, yale yale ambako wakazi wa London walikwenda kutazama maigizo. Mwombaji alisimama, na wenzake wa ngazi yake wakamjia mmoja baada ya mwingine. Hakupambana na mmoja tu aliyechaguliwa na rafiki zake. Alipambana na wengi, na kwa silaha zaidi ya moja. Aliyetaka kuwa mwanafunzi huru alijaribiwa kwa upanga mrefu wa mikono miwili na kwa upanga wa mkono mmoja. Aliyetaka kupanda zaidi alikuta silaha zimeongezeka.

Mbona wengi? Kwa sababu mtu anaweza kubahatisha na mmoja. Anaweza kuwa na siku njema, au mpinzani akawa mgonjwa, au wawili hao wakawa wamepatana pembeni. Kupatana na sita huku soko zima likitazama ni vigumu zaidi. Anapofika kwa wa nne, mkono umechoka na ujanja umekwisha. Kinachobaki ni kile kilichoingia kweli mwilini kwa miaka ya mazoezi. Mtihani ulitafuta hicho kinachobaki.

Miaka nayo ilihesabiwa. Kanuni zilitaja miaka 7 kabla ya mwalimu msaidizi kuomba kuwa mwalimu kamili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 ilitaja miaka 7 hiyo hiyo kwa vijana waliojifunza ufundi mbalimbali. Wapo walioruhusiwa kabla ya muda kutimia, na daftari halikuficha hilo. Lakini hata aliyefupishiwa miaka hakuondolewa uwanja. Ilimbidi asimame mbele ya watu.

Baada ya mtihani kulikuwa na kiapo, na hapo ndipo kuna jambo ambalo watu husahau wanapozungumza juu ya vyeo. Aliyepandishwa hakupewa haki peke yake, alibebeshwa mzigo. Aliapa kutomfundisha mtu anayejulikana kuwa mwuaji, mwizi, mlevi au mgomvi. Aliapa kuwa na huruma, na kwamba akimshinda adui, naye amekwisha kupoteza silaha yake au yuko chini ya miguu yake, hatamwua. Aliapa pia kumsaidia mwenzake wa chama aliyepatwa na umaskini au ugonjwa. Kwa maneno mengine, kadiri mtu alivyopanda, ndivyo alivyowekewa mipaka zaidi. Mwanafunzi aliweza kujibebea maisha yake, lakini mwalimu alihesabiwa makosa ya wale aliowafundisha.

Mpango wa namna hiyo haukuwa wa Waingereza peke yao. Katika nchi za Kijerumani kulikuwa na chama kilichoitwa Marxbrüder, kilichokuwa na makao Frankfurt. Mwaka 1487 Kaisari Frederick wa Tatu alikipa haki ya pekee: mtu hakuruhusiwa kujiita mwalimu wa upanga mrefu mpaka ajaribiwe na walimu wa chama hicho. Majaribio yalifanyika wakati wa soko kubwa la kila mwaka la Frankfurt, wageni kutoka miji mingi wakiwa wamefika. Baadaye, mwaka 1607, chama kingine kilichoitwa Federfechter kilipata haki yake kutoka kwa Kaisari Rudolf wa Pili. Wanachama wengi wa vyama hivyo hawakuwa watu wa ikulu. Walikuwa mafundi wa ngozi, wafua visu na watu wengine wa kazi za mikono, ambao mchana walikuwa kazini na jioni walishika upanga.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na anayeusifu lazima azitaje.

Kasoro ya kwanza ilihusu mgeni. Katika miaka ya 1570 mwalimu mmoja Mwitalia, Rocco Bonetti, alikuwa akifundisha mjini London. Alikuwa na elimu ya upanga mwembamba iliyokuwa inapendwa kwao, naye alipata wanafunzi matajiri. Walimu wa chama hawakumpenda. Kwao alikuwa mtu aliyeingia kutoka nje, asiyejaribiwa nao, na anayewanyang'anya mkate. Mwingereza George Silver, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1599, aliwashambulia Waitalia hao kwa ukali. Alieleza kwamba yeye na ndugu yake walibandika matangazo ya kuwaalika walimu wawili Waitalia wapambane nao hadharani pale Bel Savage, kwa silaha nyingi za aina mbalimbali, lakini siku ilipofika wageni hao hawakutokea.

Habari hiyo inasimuliwa na upande mmoja, na upande huo ulikuwa na hasira. Lakini inaonyesha makosa mawili yanayokutana kila mara mgeni mwenye ujuzi anapofika mji wa watu. Wenyeji wanakosea wanapomkataa kwa sababu tu hakusomea kwao. Mgeni anakosea anapodhani kwamba jina alilokuwa nalo kule litamtosha huku, na kwamba kujaribiwa ni kudharauliwa. Mtihani wa hadhara ungewasaidia wote wawili. Wenyeji wangeona alicho nacho, naye angepata heshima isiyotegemea urafiki wa wakubwa.

Kasoro ya pili ni ya serikali yenyewe. Mwaka 1572 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya watu waliozunguka bila makao. Katika orodha ya wazururaji waliwekwa pia wacheza upanga wasiokuwa chini ya bwana mkubwa, pamoja na wachezaji wa maigizo na wapiga muziki. Adhabu yake ilikuwa kuchapwa viboko na kuunguzwa sikio kwa chuma cha moto. Mtu mwenye ujuzi uleule alikuwa fundi aliyeheshimiwa kama alikuwa na mtu wa kumshuhudia, na mhalifu kama hakuwa naye. Waliohama makwao wanalijua hilo bila kusoma historia. Kijana aliyekuwa mwalimu wa shule kijijini kwao, akifika mjini bila kadi wala mtu anayemfahamu, anaitwa mzururaji, na kizuizini anatazamwa kwa jicho la mashaka.

Vyama vile vya zamani vilikufa. Bunduki ilichukua nafasi ya upanga, na mafunzo yakabaki katika vitabu. Karibu mwisho wa karne ya 20, watu wa Ulaya na Amerika walianza kuvifungua tena vitabu hivyo vya Wajerumani, Waitalia na Waingereza na kujaribu walichosoma kwa miili yao. Leo vilabu vya upanga wa kihistoria viko katika nchi nyingi. Wanavaa barakoa za chuma na glavu nene, na panga zao ni butu. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi mpya hufundishwa ni kumlinda mwenzake wa mazoezi asiumie.

Vilabu hivyo vimegawanyika juu ya vyeo. Vingine havitaki ngazi kabisa. Vinasema mashindano yanatosha, anayeshinda ndiye anayejua. Vingine vimerudisha majina ya zamani. Klabu ya Chicago Swordplay Guild nchini Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni mojawapo ya hivyo vinavyotumia ngazi za mwanafunzi, mwanafunzi huru na mwalimu msaidizi, na mtihani wake hufanyika kwa mapambano mbele ya wenzao na wageni wa vilabu vingine.

Hoja ya wanaopinga ngazi si ya kipuuzi. Wanaogopa mikanda na vyeti vinavyouzwa. Wameona shule za mapigano ambako kila miezi mitatu mtoto analipa, anapewa rangi mpya, na baada ya miaka michache anaitwa bingwa bila kuwahi kukutana na mtu anayempinga kweli. Lakini mashindano peke yake nayo hayatoshi. Anayeshinda mashindano ameonyesha kwamba anaweza kushinda. Bado hajaonyesha kwamba anaweza kumfundisha mtoto wa miaka 12 bila kumvunja mkono, wala kwamba anajua kwa nini kitu fulani hufanywa hivi na si vile. Mwalimu hupimwa kwa kitu kingine. Ndiyo sababu katika vilabu vizuri, anayeomba kuwa mwalimu msaidizi hupewa wanafunzi awafundishe huku wazee wakitazama, na huulizwa maswali juu ya kitabu anachokifuata.

Kuna jambo jingine katika vilabu hivi linalostahili sifa. Vingi vyao havimpi mtu yeyote ngazi ya juu kabisa, ile ya mwalimu kamili. Sababu yao ni rahisi. Mlolongo wa walimu ulikatika karne nyingi zilizopita, na hakuna aliye hai aliyepokea cheo hicho kutoka kwa mwalimu aliyepokea kutoka kwa mwalimu. Kwa hiyo wanasimama ngazi ya tatu na kuiacha ya nne wazi. Watu waliosoma miaka 20 wanakubali kuitwa wasaidizi, kwa sababu hakuna wa kuwapa zaidi.

Linganisha na hali ya mashariki mwa Congo, ambako vikundi vyenye silaha vimehesabiwa kuwa zaidi ya 100. Ni vingapi kati yavyo vinavyoongozwa na mtu anayejiita kapteni? Ni vichache. Wengi wao ni majenerali, na walio chini yao ni makanali. Kijana wa miaka 25 anaamka asubuhi akiwa jenerali, na hakuna uwanja aliosimama, hakuna mwalimu aliyemshuhudia, hakuna kiapo cha huruma alichoapa. Bunduki ndiyo iliyomtangaza. Na mara nyingi mazungumzo ya amani yalipofika, swali la nani atabaki na cheo gani lilikaa mezani kabla ya swali la nani atarudisha ng'ombe na mashamba ya watu. Vijana waliokulia kambini wameyaona hayo. Wamejifunza kwamba cheo kinachopatikana haraka ni kile cha kuogofya, na kwamba aliyesoma ufundi miaka mitano bado anaulizwa karatasi.

Somo hilo baya haliwezi kufutwa kwa hotuba. Linafutwa kijana anapoona kwa macho yake kwamba kuna ngazi nyingine, iliyo wazi kwake, ambako mtu hupanda kwa kazi na hapandi kwa vitisho.

Mfano hauko mbali. Vilabu vya judo na karate viko Goma, Bukavu na miji mingine, na judo ina ngazi zinazofanana na zile za upanga. Mjapani Kano Jigoro alianzisha shule yake mjini Tokyo mwaka 1882, na mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wake wawili daraja la kwanza. Rangi nyingi za mikanda zilikuja baadaye, zikaenea Ulaya katika miaka ya 1930. Kila mtoto anayevaa mkanda wa njano leo anaingia katika ngazi ileile.

Popole Misenga na Yolande Bukasa Mabika wote wawili walizaliwa Bukavu. Vita viliwatenga na familia zao wakiwa watoto, wakapelekwa Kinshasa, na huko ndiko walikojifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakaomba hifadhi nchini Brazil. Walianza maisha ya ugenini katika mji wasioujua lugha yake. Lakini walikuwa na kitu ambacho hakuna askari wa kizuizi anayeweza kumnyang'anya mtu: walijua judo. Walipoingia katika ukumbi wa mazoezi wa Rio, hakukuwa na haja ya kumwita shahidi kutoka Kinshasa. Mkeka ulitosha. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya mji huohuo, wote wawili walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Popole alishinda pambano lake la kwanza dhidi ya Mhindi, kisha akashindwa na Mkorea aliyekuwa bingwa wa dunia. Yolande alishindwa pambano lake la kwanza. Hakuna aliyewauliza tena kama kweli walikuwa wanajudo.

Hapo ndipo hoja inapofika. Karatasi ni shahidi wa ujuzi, si ujuzi wenyewe. Shahidi akifa, kesi haifi. Anatafutwa shahidi mwingine, na shahidi mzuri kuliko wote ni kazi yenyewe ikifanywa mbele ya watu wanaoijua.

Vyama vya mafundi katika miji na vijiji vinavyopokea waliohama vinaweza kulifanya hilo bila kungoja msaada kutoka mbali. Washonaji wanaweza kutenga siku moja kwa mwezi. Anayesema yeye ni mshonaji anapewa kitambaa, anapimiwa mtu, anakata na kushona. Mwashi anapewa mawe, mchanga na kamba, anajenga pembe ya ukuta. Fundi wa pikipiki anapewa pikipiki isiyowaka. Waamuzi wawe zaidi ya mmoja, na angalau mmoja wao awe amehama makwao pia. Mlango uwe wazi, atazamaye atazame. Matokeo yaandikwe katika daftari, jina na tarehe na kazi iliyofanywa, kama walivyoandika wale wa London, na nakala apewe mwenyewe. Aliyeshindwa aambiwe kilichopungua na arudi mwezi ujao. Aliyefaulu apewe nafasi, na naye awekewe mzigo: amfundishe mtoto mmoja wa kambi bila kumtoza.

Yapo ya kupinga, na yajibiwe moja moja.

Kuna watakaosema hata mtihani wa hadhara unaweza kununuliwa. Ni kweli. Mwamuzi ni mtu, na mtu ana tumbo. Ndiyo maana waamuzi huwa wengi na mlango huwa wazi. Rushwa hupenda ofisi iliyofungwa. Mbele ya wamama wa soko wanaojua mshono mzuri na mbaya, kumpitisha asiyejua ni aibu ambayo wachache wataibeba. Na ada ya mtihani, kama ipo, ijulikane na wote na iwe ndogo. Bora zaidi isiwepo kabisa kwa mtu anayelala chini ya hema.

Kuna watakaosema wenyeji watapoteza kazi. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa maana wenyeji nao wana njaa, na wengi wao wamekwisha kugawana nyumba na mashamba na wageni. Lakini fundi mzuri aliyekataliwa hatoweki. Anafanya kazi gizani kwa nusu ya bei, na hapo ndipo bei ya wote inapoanguka. Akikubaliwa katika chama, anafuata bei ya chama.

Kuna watakaosema si kila kazi inapimwa hivyo. Hao wana haki kabisa. Mwuguzi na daktari hawawezi kujaribiwa sokoni juu ya wagonjwa. Hao wanahitaji rekodi za shule na za mamlaka ya afya, na wanaozishika rekodi hizo wana wajibu wa kutoa nakala upesi na bila kumzungusha mtu. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi aliyepita mtihani wa Serikali na kupoteza diploma yake. Jina lake limo katika orodha mahali fulani. Kumwambia alipie safari mara tano ili apewe kilicho chake ni kumfukuza mara ya pili.

Na kuna watakaosema familia zilizohama zinahitaji unga na maji kwanza, mambo ya vyeo baadaye. Waliokaa kambini miaka miwili wanajua jibu. Unga unaogawiwa huisha kabla ya mwisho wa mwezi, na anayeungoja hujiona kila siku kuwa mtu wa kupokea tu. Mtu anayejulikana kuwa fundi, hata kama jana alilala chini ya hema, ameacha kuwa namba katika orodha. Watoto wake wanasikia jirani akimwita « mwalimu », na hilo nalo ni chakula.

Wanaupanga wa zamani hawakuwa malaika. Waligombana, waliwaonea wageni, na walipenda pesa za watazamaji. Lakini waliacha kanuni tatu ambazo hazijazeeka. Cheo kionekane mbele ya watu. Kila ngazi iongeze mzigo, si sifa peke yake. Na asiwepo anayejipa cheo mwenyewe.

Yule baba mwenye godoro moja na sufuria mbili haombi huruma wala nafasi ya bure. Anaomba mita mbili za kitambaa, mkasi, na mashini kwa saa moja. Kama ni mwongo, saa hiyo itamwumbua. Kama ni fundi, mji umepata fundi.